Mpiga Picha Asiyekuwa na Picha Yake

Ukutani mwa studio yake kulikuwa na friji. Haikuwa friji ya kweli. Aliichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta juu ya turubai, pamoja na sebule nzima: kochi jekundu, televisheni, pazia, na dirisha lililoonyesha gari jeupe limeegeshwa nje. Lakini watu wa Kakamega walipenda friji. Wanawake waliovaa gauni zao za Jumapili walisimama kando yake wakanyoosha mkono kuelekea mlangoni, kana kwamba wanaenda kumtolea mgeni soda.

Mlango aliuchora ukiwa wazi kidogo ili vilivyomo ndani vionekane, na hapo ndipo alipojitafutia kazi isiyokwisha, maana kila mteja alikuwa na lake la kuongeza. Mmoja alitaka mkate. Mwingine alitaka maziwa ya chupa. Mzee mmoja kutoka Navakholo alikataa kulipa mpaka achorewe kuku, tena kuku mwenye manyoya yake.

"Papa, kuku mwenye manyoya haingii ndani ya friji," mpiga picha alimwambia.

"Ukimnyonyoa, watu watajuaje ni wa kienyeji?" mzee akamjibu.

Basi kuku akachorwa, amesimama katikati ya mkate na maziwa, jicho moja likimtazama kila aliyeingia. Mke wangu naye aliomba achorewe sahani yenye firigisi. Akachorewa, rafu ya juu kabisa, ndogo na ya kahawia. Wengi walidhani ni jiwe.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, karibu na soko. Mashine ikinguruma, ukuta wote ulitetemeka, kwa hiyo alipiga picha mashine ikinyamaza. Wateja wake walijua hivyo. Utawakuta wamekaa kwenye benchi, poda imeanza kulowa usoni, wanasubiri gunia la mtu liishe kusagwa. Alikotoka tulikujua kwa jina tu, Zaire, na kwa Kiswahili chake. Kila mwanamume kwake alikuwa papa, kila mwanamke mama, hata msichana wa shule. Alisema "miye" na "weye" na "aksanti", na sisi tulimcheka. Yeye alitucheka sisi.

"Batu ya Kakamega," aliniambia siku moja, "munasema 'anakulanga', 'anaendanga', 'analalanga'. Kila kitu ni nga, nga, nga. Kama nyundo."

Hakumruhusu mtu yeyote kukunja uso mbele ya kamera, wala kuonyesha meno. "Cheka na macho," alikuwa akisema. "Meno iache, meno ni ya nyama." Ukishindwa kucheka na macho alikuuliza jina la ng'ombe wa kwanza uliyewahi kumchunga, au mboga aliyopika mama yako ulipokuwa mgonjwa. Ulipokuwa ukikumbuka, yeye alibonyeza. Nina picha yangu ya wakati ule. Ninaonekana mtu mwema sana ndani yake. Nilikuwa ninafikiria mrenda.

Nyumbani kwangu alianza kuja kwa sababu ya deni la fremu. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, na yeye alichukua kioo na mbao kwetu. Nikamkaribisha Jumapili moja. Mke wangu akachinja kuku. Kwetu sisi kuku wa mgeni huja mezani na firigisi yake, ile tunayoiita imondo, na firigisi ni ya mwenye nyumba au ya mgeni anayeheshimiwa. Mwanamke haigusi. Baba yangu angeondoka mezani akiona mwanamke anaila. Nikaitwaa kwa mkono wangu nikamwekea mpiga picha kwenye sahani, ili ajue nimemweka juu.

Akaitazama. Akaomba kisu.

"Nani amepika?" akauliza.

"Mama Ruth," nikasema.

Akaikata vipande, akainuka na sahani yake, akaenda mpaka mlango wa jikoni. "Mama, kamata. Weye ndiye umeungua na moshi."

Mke wangu alinitazama mimi kwanza. Kumkatalia mgeni kulikuwa aibu, na kukubali pia kulikuwa aibu, na nilikuwa bado ninachagua aibu ipi ni ndogo. Hakuningoja. Alikichukua kipande akakitia mdomoni, akatafuna polepole, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

"Kumbe ndiyo hii tu!" akasema. "Miaka yote hii mnatuficha mpira!"

Tangu siku hiyo walikuwa marafiki, yeye na mke wangu, urafiki wa kutaniana. Mimi nilikuwa rafiki yake wa mazungumzo ya siasa na bei ya saruji. Sasa ninavyokumbuka, ni wao waliojuana.

Alikuwa mchoyo wa umeme. Balbu ya studio aliizima kila mteja alipotoka, na kama mteja alirudi kuchukua mwavuli aliousahau, aliutafuta gizani. Lakini msibani hakuchukua hata senti. Unajua kwetu mazishi hayakamiliki bila ile picha ya familia kulizunguka jeneza. Yeye alikuja na kamera yake, akawapanga waliofiwa mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kama mtu anayepanga vikombe. Alijua ni ndugu yupi hazungumzi na yupi, na aliwasimamisha karibu karibu makusudi. "Mbele ya mashine hakuna ugomvi," alisema. Siku ya kuleta picha ulipomwuliza bei, alijifanya hasikii.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mtu huyu aliyepiga picha za vitambulisho vya nusu ya mji, picha za pasipoti za vijana waliokwenda kusoma ng'ambo, picha za vyeti vya walimu na za kazi za polisi, hakuwa na picha yake hata moja. Wala hakuwa na karatasi yoyote ya kumruhusu kukaa nchini. Nilimwuliza kuhusu picha, akapiga kamera yake kofi dogo mgongoni. "Miye niko huku nyuma," akasema. "Huku nyuma ndiyo kwetu." Kuhusu karatasi sikumwuliza. Tulijua wote, kama mnavyojua jirani ana kidonda na hamkitaji.

Walikuja kumkamata mchana, siku ya soko. Huko Zaire vita vilikuwa vimewaka, na huku kwetu wageni walikuwa wakikaguliwa. Maofisa waliovaa kiraia walimkuta ameinama nyuma ya kamera, bwana na bibi arusi wamesimama kando ya friji.

"Subirini, papa," akawaambia bila kugeuka. "Hawa wamelipa."

Na wakasubiri kweli. Mmoja wao alikuwa na picha yake pale ukutani, katika kofia ya polisi, anacheka na macho. Bibi arusi alinisimulia baadaye kwamba ofisa huyo hakuinua uso tena mpaka walipotoka.

Alifikishwa mahakamani, akapewa dhamana na tarehe ya kurudi. Ikitokea amerudi bila wakili, kila mtu alijua yatakayofuata: angepelekwa mpakani, na kutoka hapo arudi alikokimbia. Mke wangu na mimi tukampeleka kwa wakili mmoja, mama mwenye miwani, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Alimsikiliza kwa makini. Kisha akasema kesi inawezekana, kwa sababu mtu hawezi kurudishwa mahali panapowaka moto bila kusikilizwa, lakini hawezi kufungua faili bila malipo ya kuanzia.

"Na jambo moja," akasema, akinitazama mimi hasa. "Kesi hizi zinapenda kimya. Kusanyeni polepole, leteni mlichonacho, nitaanza. Msimfanye huyu mtu ajulikane kuliko anavyojulikana."

Alihitaji pia picha ya pasipoti ya mteja wake kwa ajili ya faili. Hapo tukaangaliana. Mpiga picha mwingine alikuwepo mjini, lakini wetu alisema bora afungwe. Turubai ikafunikwa kwa shuka jeupe, akaipanga kamera mwenyewe juu ya miguu yake mitatu, akanionyesha pa kubonyeza, akaenda kuketi upande ule ambao sikuwahi kumwona amekaa. Alionekana mdogo. Mikono yake haikujua iende wapi. Nikabonyeza. Picha ilipotoka, kichwa kilikuwa kimekatwa juu ya nyusi.

"Papa," akasema akiigeuzageuza, "wakili ameomba uso. Weye umemupa shati."

Mke wangu akanisukuma kando. "Hebu toka hapo, Baba Ruth. Wewe hata ng'ombe ukimpiga picha utaleta mkia." Akainama, akabonyeza mara moja tu. Ilitoka safi, masikio yote mawili.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuparuka.

Mke wangu alisema atachukua mkebe apite kwa akina mama wa soko na wa jumuiya, kimya kimya, huyu atoe yai, yule atoe shilingi. Nilimkatalia. Nilimwambia mkebe ni wa ombaomba. Mimi nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, nilikuwa katibu wa kamati za mazishi na za madarasa, na nilijua jinsi pesa zinavyochangwa katika nchi hii: kwa harambee, yenye kadi, viti, mikrofoni, na mgeni wa heshima. Harambee bila mgeni wa heshima sikuwahi kuiona. Watu wangekuja kumwona nani?

"Wakili alisema kimya," mke wangu akasema.

"Wakili ni mtu wa sheria. Mambo ya kuchanga hayajui."

"Na wewe unataka kumsaidia, ama unataka kushika ile mikrofoni?"

Nilikasirika kwa siku kadhaa. Mtu hukasirika hivyo anapoguswa palepale.

Nikamwalika mheshimiwa. Jina lake halina maana sasa. Ulikuwa mwaka wa kuelekea uchaguzi, na waheshimiwa walikuwa hawakosi mahali penye viti. Tulikutana katika uwanja wa shule ya msingi. Ngoma za isukuti zilipigwa, watu walijaa mpaka kwenye ua. Mpiga picha alivaa koti lake la kahawia, akaketi mbele kidogo kama bwana harusi, halafu akashindwa kukaa. Akachukua kamera, akaanza kupiga picha harambee yake mwenyewe.

Tulinadi jogoo. Bei ilipokuwa inasuasua, nilisikia sauti nyuma yangu ikiongeza. Ni yeye.

"Wewe huwezi kununua," nikamwambia nje ya mikrofoni. "Unachangiwa wewe!"

"Papa, jogoo huyu ni muzuri! Munamuharibia jina!"

Watu walicheka mpaka wakainama, na kwa kicheko hicho wakatoa zaidi. Ningeweza kufunga mkutano hapo hapo. Pesa za kuanzia za wakili zilikuwa zimeshapatikana, zote kutoka mifuko midogo. Lakini mgeni wa heshima alikuwa hajasema, nami nikamkabidhi mikrofoni kwa mikono miwili.

"Mimi na marafiki zangu," alianza, kama walivyoanza wote wakati ule, akataja ahadi kubwa iliyofanya uwanja uvume. Kisha akamvuta mpiga picha akamwinua mkono. "Nani anasema huyu ni mgeni? Huyu ni mtu wangu! Na wenzake wote walioko Kakamega ni watu wangu! Nitawatafutia vitambulisho, mmoja mmoja, wapige kura kama nyinyi!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote. Nilipogeuka nikamwona mke wangu ameketi na kiganja kimefunika mdomo. Mpiga picha, mkono wake bado uko juu, alikuwa akiitafuta kamera yake kwa macho.

Kesho yake mji mzima ulikuwa na habari moja: mheshimiwa analeta Wazaire waje wampigie kura. Wapinzani wake waliisema sokoni, wakaisema kwenye vituo vya basi, wakaipeleka ofisini kwa wakubwa. Mtu mmoja aliyekuwa akipiga picha nyuma ya mashine ya kusaga akawa jeshi. Wiki haikuisha, na tarehe ya mahakama ilikuwa haijafika. Walimchukua asubuhi, wakampeleka Busia, wakamvusha mpaka akiwa na mfuko wa kamera na koti lake la kahawia. Wakili alikimbia mahakamani na karatasi zake akakuta gari limeshaondoka. Alipotuona ngazini hakunikemea. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana.

Ile ahadi niliifuata ofisini kwa mheshimiwa. Mara yuko Nairobi, mara yuko mkutanoni. Nilikalia benchi la mlangoni mpaka karani wake akawa ananisalimia kwa jina.

Nilipoacha kwenda, nilianza kuona mambo nyumbani. Mayai yalitagwa yakapotea. Mke wangu alikwenda sokoni na kikapu kikubwa akarudi na kitupu. Siku moja nikauona mkebe, ule wa majani ya chai, uvunguni mwa kitanda. Mke wangu na wenzake walipita nyumba kwa nyumba kama alivyotaka tangu mwanzo. Kila mwisho wa mwezi mmoja wao alipanda ngazi za juu ya duka la dawa akamwachia wakili kilichopatikana. Mara nyingine mke wangu alipanda gari la Busia, akavuka kwa miguu. Nilijua alikokwenda, kwa sababu siku hizo alipika kuku alfajiri akamfunga kwenye majani ya ndizi, na mezani kwetu firigisi ilikosekana.

Mpiga picha huko ng'ambo hakuwa amekwenda mbali. Alikataa kuendelea hata hatua. Alipanga kibanda upande wa Uganda, akapiga picha za watu wa soko, akangoja. Kelele za uchaguzi zilipopoa na kila mtu akasahau jeshi la Wazaire, wakili alisikilizwa. Akarudi na karatasi ya kumruhusu kukaa, ya kufanywa upya kila baada ya muda, na kila mara ilidai picha mpya. Aliikuta turubai yake palepale. Akina mama walikuwa wamelipa kodi ya chumba.

Alikuja kwetu Jumapili ya kwanza. Nilikuwa nimetoka. Jumapili ya pili pia nilitoka. Nilianza kupitia barabara ya nyuma kwenda kazini ili nisipite penye mashine ya kusaga. Yeye hakukubali kukwepwa. Akiniona ng'ambo ya barabara alipaza sauti mpaka watu wageuke: "Papa! Uso wako umekonda! Njoo upesi, kabla haujaisha!" Nilipunga mkono, nikaenda zangu. Miaka ilipita hivyo. Ninaona haya kuandika kwamba ilipita mingi.

Mke wangu alipofariki, mpiga picha alikuja na kamera. Alitupanga kuzunguka jeneza, akawasogeza watoto, akanishika mabega kwa mikono yake miwili akaniweka upande wa kichwa cha mama yao. Akarudi nyuma akainama. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko kawaida, mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akabonyeza. Aliponiletea picha nilimwuliza bei, naye akajifanya hasikii.

Baada ya matanga, nikiwa sijazoea bado ukimya wa jikoni, ilifika salamu kutoka kwake kupitia mwenye mashine ya kusaga: karatasi yake inaisha, na aliyekuwa akimbonyezea hayupo. Nije.

Nilipita barabara ya mbele. Chumba kilikuwa kilekile, balbu imezimwa. Aliiwasha aliponiona. Rangi ya friji alikuwa ameirudia, na kuku wa mzee wa Navakholo bado alikuwa akiniangalia kwa jicho moja. Sahani ya rafu ya juu ilikuwepo. Tulitundika shuka jeupe pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Liliifunika sebule yote isipokuwa pembe moja.

Akaipanga kamera, akanionyesha pa kubonyeza, kama mara ya kwanza, akaenda kuketi. Nywele zilikuwa nyeupe. Mikono safari hii ilijua pa kukaa, magotini. Mama Ruth alikuwa amemfundisha.

Niliinama, nikamwona ndani ya kioo, mdogo, anangoja.

"Ndugu yangu," nikasema, "ile siku ya harambee, wakili alituambia kimya. Mama Ruth pia aliniambia. Mimi ndiye—"

"Papa," akasema bila kusogeza kichwa. "Ukisema, mashine inatikisika."

Nyuma ya ukuta gunia la mtu lilikuwa likisagwa. Tukangoja, yeye upande wake, mimi upande wake wa zamani. Mngurumo ukapungua, ukakoma, ukuta ukatulia.

"Kichwa kiko?" akauliza.

"Kiko."

"Kyote?"

"Chote."

"Na masikio?"

"Yote mawili."

"Basi bonyeza."

Nikazuia pumzi, nikabonyeza.